Jina wanaliita wengine, ngoma wanaitazama wengine

Kuna kitendawili cha watoto: ni changu, lakini wenzangu hukitumia kuliko mimi. Jibu ni jina. Siku nzima inaweza kuisha hujalitamka jina lako hata mara moja, ilhali wengine wamekwisha kuliita, kuliandika kwenye orodha, kulifupisha na kulikosea. Kucheza nako ni hivyohivyo. Mwili ni wako, mdundo unakuingia wewe, lakini ukishajimwaga uwanjani wewe ndiye mtu pekee usiyejiona. Picha nzima wanayo waliokaa pembeni.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na ule ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba ucheze kana kwamba hakuna anayekutazama. Wapo, na wanatazama. Anayejilazimisha kuamini kwamba hawapo hucheza amefumba macho na kubana pumzi. Akifumbua tu, anaganda. Uhuru wa jina na uhuru wa kucheza ni wa aina moja: hauji kwa kuwafuta watu wengine, unakuja kwa kujua la kufanya wakiwepo. Uwafundishe nini, uwakatalie nini, uwaachie nini. Mambo hayo yana mbinu zake, na mbinu hufundishika.

Nianze na jina. Septemba 1838 kijana aliyezaliwa mtumwa huko Maryland, Marekani, alitoroka. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa Frederick Augustus Washington Bailey. Majina mawili ya katikati alikuwa ameshayaacha mwenyewe zamani. Alipofika New York akajiita Johnson ili wanaomsaka wampoteze. Alipoendelea hadi New Bedford, Massachusetts, akakuta akina Johnson wamejaa mji mzima hata kuwatenganisha ni kazi. Akamwomba mwenyeji wake, naye ni Nathan Johnson, amchagulie jina jingine, ila kwa sharti moja: Frederick lisiguswe. Mwenyeji alikuwa ametoka kusoma shairi la Walter Scott, akachomoa humo jina la Douglas. Ndivyo dunia ilivyompata Frederick Douglass, mnenaji mashuhuri aliyepinga utumwa.

Ninachokithamini katika kisa hiki ni jinsi alivyopima. Alibadili karibu kila kitu, na jina lililomfanya ajulikane alichaguliwa na mtu mwingine, lakini kipande kimoja alikishika asikiachie. Kwa anayefikiria kubadili jina hilo ndilo swali la kwanza: kipande gani kitabaki? Jina la kwanza, jina la bibi, herufi ya mwanzo, hata sauti moja tu. Asiyebakiza chochote hujikuta baada ya miezi michache akiitwa na haitiki, kwa sababu sikio halijapata pa kushika.

Sojourner Truth alikwenda njia nyingine. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la New York akaitwa Isabella, na Juni 1, 1843 akajipa jina jipya lote, msafiri na ukweli, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyokuwa anaianza: kusafiri akihubiri. Kwake jina lilikuwa nadhiri. Njia zote mbili ni halali. Mmoja alibakiza mzizi, mwingine alipanda mbegu mpya, na kila mmoja alijua anachofanya.

Sasa geuza upande. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru wananchi wa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waache majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Yeye mwenyewe aliliacha la Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kuvua mabaki ya ukoloni, na majina ya asili ni hazina, hilo halina ubishi. Lakini mwanamke aliyeitwa Marie na bibi yake, akalipenda jina hilo kwa sababu ya bibi, hakuulizwa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Huko Bulgaria, kati ya 1984 na 1985, raia wenye asili ya Kituruki walilazimishwa kuyaacha majina yao na kuandikwa kwa majina ya Kibulgaria. Serikali moja ilisema inawarudisha watu kwenye asili, nyingine ikawang'oa humo, na kitendo kilikuwa kilekile: mtu anaamka asubuhi jina lake limeamuliwa ofisini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalisema jambo hili waziwazi. Ibara ya 7 inampa mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa, na ibara ya 8 inaitaka nchi iheshimu haki yake ya kubaki na utambulisho wake, jina likiwemo.

Basi, ukitaka kubadili jina, usikimbilie karatasi. Lijaribu kwanza kwa siku 30 mbele ya watu watatu au wanne unaowaamini. Mwombe mmoja akuite kutoka upande wa pili wa uwanja: majina yanayoishia kwa irabu wazi husafiri mbali, yenye konsonanti zilizosongamana hufia njiani. Mtajie mtu asiyekujua kwa simu, halafu mwambie akusomee alichoandika. Tia sahihi mara 20 mfululizo, utaona kama mkono unalikubali. Andika herufi za mwanzo za majina yako yote uone hazitengenezi neno la aibu, kisha waulize wasemaji wa lugha nyingine unazokutana nazo kila siku kama jina hilo lina maana kwao. Mwezi ukiisha na bado hugeuki unapoitwa, liache. Halijawa lako.

Karatasi zenyewe hutofautiana kati ya nchi na nchi, ila mpangilio karibu unafanana. Kwanza hati ya kiapo au amri ya mahakama. Pale sheria inapotaka, tangazo katika gazeti la serikali. Kisha kitambulisho, kisha pasipoti, ndipo ufike benki, kodi, bima na hati za mali. Omba nakala tano au sita zilizothibitishwa siku hiyohiyo unapopewa hati, maana kila ofisi itataka kubaki na yake, na kurudi kuomba moja moja kunakula wiki. Kosa linalowatesa wengi ni kuanzia benki kwa kuwa iko karibu. Unabaki na kadi yenye jina jipya na kitambulisho chenye jina la zamani, na hakuna kati ya viwili hivyo kinachoweza kukishuhudia kingine. Vyeti vya shule mara nyingi havibadilishwi kabisa. Weka nakala ya hati ya jina ndani ya bahasha moja na vyeti hivyo, na isitoke humo.

Pasipoti nayo ina jambo ambalo wengi hugundua wakiwa tayari uwanja wa ndege. Chini ya ukurasa wa picha pana mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44. Katika mstari wa kwanza nafasi 5 zinakwenda kwenye aina ya hati na alama ya nchi, hivyo majina yote yanagawana 39 zilizobaki. Jina la ukoo hutangulia, zinafuata alama mbili za <<, kisha majina mengine. Kistari hugeuzwa kuwa <. Ritifaa huondolewa kabisa: O'Connor husomeka OCONNOR. Jina linalozidi nafasi hukatwa. Ukikata tiketi ya ndege na jina lako lina ritifaa, kistari au mkia mrefu, fungua pasipoti uangalie mistari hiyo kabla hujaandika chochote. Na ukimchagulia mtoto majina manne marefu, hesabu herufi kwanza.

Kulifundisha jina

Watu wengi hawahitaji jina jipya. Wanahitaji lile walilonalo liitwe sawasawa. Hapa wakati ndio kila kitu. Sahihisha mara ya kwanza linapokosewa. Likishakosewa mara tatu bila wewe kusema neno, kosa limeingia mdomoni mwa mwenzako kama mazoea, na kulitoa itabidi limuume yeye na wewe.

Namna ya kusahihisha ni fupi. Lirudie jina kwa silabi, taratibu, ukionyesha mkazo uko wapi. Mpe neno analolijua linalofanana nalo kwa sauti. Lirudie tena kwa kasi ya kawaida, kisha endelea na mazungumzo papo hapo. Usiombe radhi, maana hujakosa. Usicheke ili kumfariji, kwa kuwa kicheko chako kitamwambia kwamba jambo lenyewe ni dogo. Na usikimbilie kumpa kifupisho: kile unachokitoa kwa haraka ili kuokoa dakika moja ndicho utakachoitwa miaka kumi.

Kwa upande wa anayesikia, "jina lako gumu" ni maneno ya kufuta kinywani. Uliza, "Nilitamke vipi?" Liandike unavyolisikia, hata kama tahajia siyo, kisha litumie ndani ya dakika moja ya mazungumzo. Ulimi hukumbuka kilichotumika kuliko kilichosikika.

Yupo aliyelazimika kusahihisha kwa ngumi. Februari 6, 1967, huko Houston, Marekani, bondia Ernie Terrell alipanda ulingoni baada ya kuendelea kumwita Muhammad Ali kwa jina la Clay, aliloliacha mwaka 1964. Pambano lilikwenda raundi 15, na Ali alikuwa akimuuliza katikati ya makonde: jina langu nani? Wengi wanalikumbuka kama ukatili, na kweli lilikuwa pambano la kuumiza. Lakini tazama alichokuwa anadai. Karibu miaka mitatu ilikuwa imepita tangu aseme jina lake, na magazeti mengi yalikuwa bado hayataki kuliandika.

Lakabu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu haiombwi. Unapewa. Jina la utani linaweza kuwa kiti ulichowekewa barazani, na linaweza kuwa ukuta. Kipimo chake ni kimoja: je, unaweza kulikataa? Mwambie anayekuita, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kwamba hulipendi. Akiliacha, lilikuwa la mapenzi. Akilikazia, huo ni utani wa upande mmoja, na una haki ya kutoitika. Kutoitika hufanya kazi kuliko ugomvi, mradi ukiitwa kwa jina lako la kweli uitike haraka na kwa uchangamfu ili tofauti isikike.

Lakabu, polisi na duara

Kama kuna mahali jina, ngoma na uhuru vimefungwa fundo moja, ni capoeira ya Brazil. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, wengi wao kutoka pande za Angola, ndio chimbuko la mchezo huu ambao ni ngoma, mapigano na mazungumzo kwa pamoja. Utumwa ulifutwa Brazil Mei 13, 1888. Miaka miwili tu baadaye, sheria ya jinai ya 1890 ikaandika capoeira kuwa kosa katika kifungu cha 402, adhabu yake kifungo cha miezi miwili hadi sita. Mtu amepewa uhuru wa mwili kwenye karatasi, kisha karatasi nyingine inamkataza mwili huo usicheze barabarani.

Wachezaji walijulikana kwa lakabu, na inasimuliwa kwamba faida yake ilikuwa hii: aliyekamatwa hakuweza kuwataja wenzake kwa majina ya serikali, maana hakuyajua. Desturi ikabaki. Hadi leo mwanafunzi hupewa jina na kundi lake, mara nyingi siku ya hafla wanayoiita ubatizo. Mestre Bimba, aliyefungua shule yake Salvador, Bahia, katika miaka ya 1930, aliandikwa Manuel dos Reis Machado. Hilo la Bimba inasimuliwa lilitokana na dau baina ya mama yake na mkunga kuhusu mtoto atazaliwa wa kike au wa kiume. Mwaka 1937 shule yake ilipata kutambuliwa rasmi, na mwaka 2014 UNESCO ikaliweka duara la capoeira katika orodha ya urithi wa binadamu.

Duara hilo, roda, lina utaratibu ambao ningependa kila ukumbi wa dansi uuige. Watu husimama wakizunguka, wanapiga makofi na kuitikia wimbo. Ala inayoongoza ni berimbau, upinde wa waya mmoja wenye kibuyu, na yule anayepiga berimbau ya sauti nzito ndiye anayeamua kasi na nani aingie. Wachezaji wawili huchuchumaa mbele ya berimbau, hupeana mikono, ndipo waingie. Anayetaka kuingia katikati ya mchezo hutoka upande huo wa berimbau, akajipenyeza baina ya wawili akimkabili yule anayetaka kucheza naye. Mwingine hutoka bila kinyongo. Kuna hata mpigo uitwao Cavalaria, unaosemekana ulitumiwa kuwaonya wachezaji kwamba polisi wa farasi wanakuja. Ukisikia, mapigano yanageuka ngoma ya kawaida, au duara linayeyuka.

Hatua ya msingi ni ginga, na ni zoezi zuri hata kwa asiyetaka kujifunza capoeira. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, magoti yamelainika. Peleka mguu wa kulia nyuma, uzito ukae kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino juu. Mkono wa kulia uje mbele ya uso. Rudisha mguu uwe sambamba na mwenzake. Kisha kushoto, mkono wa kushoto mbele ya uso. Makosa ni yaleyale kwa karibu kila anayeanza. Mguu unapelekwa nyuma ya mwenzake badala ya kurudi katika mstari wake, ukaangushwa na kisukumo kidogo. Mwili unapanda na kushuka kama pistoni badala ya kubaki chini. Mkono unasahauliwa. Na macho yanatazama miguu, wakati anayeweza kukupiga yuko mbele yako.

Kuyarudi kwa asiyejua

Wengine hawatafuti duara la capoeira. Wanataka tu kusimama kwenye sherehe bila kujisikia kama mlingoti. Kwao habari njema ni kwamba mwendo wa kawaida wa kutembea ni kama hatua 100 hadi 120 kwa dakika, na muziki mwingi wa kuserebuka uko humohumo au juu yake kidogo. Mdundo unaoutafuta umekuwa miguuni mwako tangu ulipoanza kutembea.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza besi, usifuate mwimbaji. Sauti ya mwimbaji hutangulia, hubaki nyuma, huvuta neno. Ukiifuata utayumba nayo. Besi na ngoma kubwa havidanganyi. Hesabu 1, 2, 3, 4 mpaka uhakikishe 1 iko wapi. Kama hesabu ya nne haikai, jaribu tatu, au sita. Katika muziki wa sita unaweza kupiga makofi mawili huku miguu ikikanyaga mara tatu ndani ya muda uleule, na hapo ndipo wengi husema wamepotea ilhali wako sahihi: mikono iko kwenye mbili, miguu kwenye tatu, na vyote vinakutana kwenye 1.

Ya pili ni uzito. Hamisha uzito wote kwenye mguu mmoja, kiasi kwamba mwingine ungeweza kuunyanyua. Nusunusu ndiyo inayomfanya mtu aonekane anasitasita. Fanya hivyo, kulia, kushoto, kwa mapigo 16 bila kuongeza kitu. Magoti yawe laini. Kiuno hakisukumwi: ukikunja goti moja na kunyoosha jingine, nyonga inapanda yenyewe. Anayejitahidi kukata kiuno kwa nguvu za mgongo huamka kesho yake hawezi kuinama.

Hatua ziwe ndogo, nusu ya ile ya kutembea. Hatua kubwa inachelewa kufika, na ukichelewa utaruka ili kufidia. Mikono ikae baina ya kitovu na kifua, viwiko vikiwa mbali kidogo na mbavu. Mabega yashuke. Macho yatazame usawa wa nyuso za watu, kwa sababu kichwa kina karibu kilo 5 na kikiinama kinauvuta mwili wote mbele ya miguu. Na pumua. Kubana pumzi ndiko kunakomkausha mtu kuliko kutojua hatua: baada ya dakika moja misuli ya shingo imekaza, tabasamu limeganda, na kila anayetazama anaona.

Muziki mwingi huenda kwa mafungu ya mapigo 8, na manne kati ya hayo hufanya 32. Kaa kwenye mwendo mmoja kwa fungu zima la 16 au 32, kisha badilisha pale muziki wenyewe unapobadilika. Mwenye miondoko mitatu anayeibadilisha mahali pake huonekana fundi. Mwenye kumi anayeirusha ovyo huonekana anafukuza nyuki. Ukikosea, usikimbizane na mdundo. Simama, acha mapigo manne yapite, ingia kwenye 1. Na kama huna budi kukosea, chelewa usitangulie: aliyechelewa kidogo huonekana ametulia, aliyetangulia huonekana ana wasiwasi.

Kuna methali inayomkemea asiyejua kucheza na kuulaumu uwanja. Inasema kweli mara nyingi, ila mara nyingine uwanja una kosa. Soli ya mpira kwenye sakafu ngumu hushika, na mwili ukizunguka huku mguu umeshikwa, goti ndilo linalolipa. Vaa soli inayoteleza kidogo, ya ngozi kwa mfano. Kama huna, usizunguke kwenye unyayo ulioganda: nyanyua mguu, ugeuke, ukanyage upya.

Kwa mazoezi, dakika 10 kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Chukua wimbo mmoja kwa siku 7, usiubadilishe. Siku mbili za kwanza kanyaga tu. Siku ya tatu na ya nne ongeza magoti na mabega, kisha mikono. Siku ya sita jirekodi kwa simu, utazame mara moja tu, uchague kosa moja la kurekebisha siku ya saba. Anayejitazama mara kumi huanza kujichezea mwenyewe badala ya kuufuata muziki.

Halafu ukacheze mbele ya watu wachache wanaokujua. Mcheza kwao hutunzwa, na neno zito hapo ni "kwao". Huko jina lako lilishajulikana kabla ya hatua yako ya kwanza. Hawakupimi ili wajue wewe ni nani. Ukishaizoea mbele ya macho ya namna hiyo, macho ya wageni hayakuogopeshi sana.

Kukataa

Kukataliwa kucheza kunaumiza, na kukataa kunawatisha wengi hata wakakubali wasichokitaka. Wachezaji wa tango wa Buenos Aires wana dawa ya hili, nayo ni cabeceo: anayetaka kucheza humtazama mwenzake kutoka mbali, na mwenzake akikubali hutikisa kichwa kidogo. Asipotaka, huangalia pembeni. Hakuna aliyetembea ukumbi mzima kwenda kuambiwa hapana mbele ya watu. Nyimbo hupangwa kwa mafungu, kwa kawaida nne za tango, na kati ya fungu na fungu hupigwa kipande cha muziki mwingine ili wote watawanyike. Ukimwambia mwenzako "asante" katikati ya fungu, maana yake umemaliza. Kwa hiyo usilitamke neno hilo kwa mazoea baada ya wimbo wa kwanza.

Mahali pasipo na utaratibu kama huo, "hapana, asante" inatosha, na haidai sababu. Sababu ndiyo inayofungua mjadala: ukisema umechoka utaambiwa wimbo mmoja tu. Anayeomba naye aombe kwa maneno na kiganja wazi, akiwa hatua moja mbali, asianze na kushika mkono au kiuno. Akijibiwa hapana, aseme "sawa" na kugeuka bila kuuliza. Ukikubaliwa, kumbuka kukubali huko ni kwa wimbo mmoja, na kunaweza kuondolewa kabla wimbo haujaisha.

Serikali nazo zimekuwa zikijiingiza uwanjani. Baada ya uasi wa Stono wa 1739, ambako watumwa waliandamana kwa ngoma, sheria ya South Carolina, Marekani, ya 1740 ilipiga marufuku ngoma zao. Jiji la New York lilikuwa na sheria ya vibali vya kucheza tangu 1926 hadi 2017. Japani ilidhibiti kumbi za dansi kwa sheria ya 1948 iliyolegezwa mwaka 2015. Sweden iliondoa sharti la kibali cha dansi Julai 2023. Mtawala anayeogopa mkusanyiko huanza na ngoma kwa kuwa ngoma huwaita watu kwa pamoja bila kumtaja mtu yeyote.

Na hapo niseme neno kuhusu Emma Goldman, mwanaharakati wa Marekani aliyepinga utawala wa serikali, maana jina lake limefungwa kwenye msemo maarufu kwamba kama hawezi kucheza, mapinduzi hayo si yake. Hakuusema hivyo. Katika tawasifu yake ya 1931 alisimulia jinsi kijana mmoja alivyomvuta pembeni na kumwambia haifai mwanaharakati acheze hivyo, na jinsi alivyokasirika. Msemo mfupi ulitungwa mwaka 1973 kwa ajili ya fulana. Nadhani kisa chenyewe kina uzito kuliko fulana, kwa sababu aliyemkataza hakuwa polisi wala kabaila. Alikuwa mwenzake katika harakati, na alimnong'oneza kwa nia njema. Vizuizi vingi vya kucheza huja kwa njia hiyo, kutoka kwa mtu anayekujua kwa jina: mtu wa rika lako hafanyi hivyo, mwenye cheo chako hafanyi hivyo. Jibu linalofaa ni lilelile la jina lililokosewa. Lisemwe mara ya kwanza, kwa ufupi, bila radhi, kisha urudi uwanjani wakati muziki bado unapigwa.

Ukichoka, toka mwishoni mwa fungu, si katikati, ili anayecheza nawe asiachwe mguu mmoja hewani. Sogea pembeni ya uwanja kwanza, usikate katikati ya wanaozunguka. Mshukuru mwenzako kwa jina lake. Kama hukulishika alipokutajia, muulize tena hapohapo linavyotamkwa, kabla wimbo mwingine haujaanza.